Kupanda Ngazi: Hesabu Iliyotugombanisha

Baadhi yenu mmetuona siku za mapumziko tukiwa tumezunguka meza kwa karatasi na penseli, tunabishana, mkauliza ni hesabu gani hiyo isiyokwisha. Tumeonelea tuieleze katika kurasa hizi, maana ubishi wenyewe haukuwa wa mchezo peke yake.

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna ubao wala mshindi. Kila mchezaji ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mmoja wenu, ambaye ni msimamizi, husimulia safari na hatari zake. Mambo yenye shaka huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Sisi, kwa kuepuka utata wa dadu, tuliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi tukavitia kikombeni. Wala hatukuwa wa kwanza: mwaka 1979, dadu zilipoadimika, masanduku ya mchezo huu yaliuzwa na vipande vya namba vya kuchomoa.

Tuje kwenye kanuni. Kitabu chetu ni cha toleo la tano, la mwaka 2014, lenye ngazi 20. Mhusika huanza ngazi ya 1 bila alama yoyote ya uzoefu. Akifikisha alama 300 hupanda ya 2, akifikisha 900 ya 3, 2,700 ya 4, na 6,500 ya 5. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, wakidhani alama hutumika zikaisha kama fedha za mfukoni. Sivyo. Hiyo ni jumla ya tangu mwanzo, hivyo mwenye 300 anahitaji 600 tu kufika ngazi ya 3. Kila akipanda, uhai wake huongezeka. Kwenye ngazi ya 4 anaweza kuongeza alama 2 katika sifa zake, kama vile nguvu au stahamala.

Alama hizo aghalabu hupatikana kwa kuwashinda maadui, na hugawanywa sawa kwa walioshiriki. Zimwi moja kubwa lina alama 450. Wakilishinda watatu, kila mmoja anapata 150.

Nasi tulikuwa watatu, kwa sababu wa nne wetu hakuwepo. Mama yake alilazwa, naye akabaki nyumbani kuwaangalia wadogo zake kwa wiki nyingi. Aliporudi, sisi tulikuwa ngazi ya 4 naye bado ya 1. Pigo moja la zimwi lile laweza kumwangusha mpiganaji wa ngazi ya 1 hapo hapo. Akikaa mezani, basi ni kungoja kufa.

Hapo tukagawanyika. Wawili walisema apandishwe. Mmoja alikataa kabisa: aliyetoka jasho ndiye anayestahiki ujira, na kumpa mtu asichokitafuta ni kuwadhulumu waliokitafuta. Hoja yake haikuwa dhaifu, na aliitolea ushahidi katika mchezo mwingine, RuneQuest wa mwaka 1978. Humo hakuna ngazi. Ukiufanyia kazi ujuzi wako ukafaulu, unautia alama, kisha unatafuta namba kati ya 1 na 100 iliyo juu ya kiwango chako. Mwenye 30 ana nafasi kubwa ya kuongezeka, mwenye 80 ana nafasi ndogo. Kwa njia hiyo, asiyetenda haongezeki. Kwa maoni yetu sisi wengine, kanuni hiyo ni nzuri kuliko zote tulizosoma, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojifunza kweli. Lakini haikumsaidia mwenzetu.

Kitabu chenyewe kinamwachia msimamizi: anaweza kumnyima asiyekuwepo, au kumpa sawa na wenzake. Pia kinaruhusu kuacha alama kabisa, wote wakapanda pamoja wanapotimiza jambo kubwa la safari. Msimamizi wetu alichagua njia hiyo ya mwisho, akamwandikia mwenzetu ngazi ya 4.

Yule aliyepinga hakuondoka. Anacheza nasi mpaka sasa, ila daftari lake la alama bado analo, na kila baada ya mchezo anajumlisha, anatuonyesha nani angekuwa wapi.