Sahihi ya Mama

Nyumba niliyokulia iko Ngezi, hapa Bunia. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake palikuwa na mwembe. Nasema palikuwa, kwa maana mwembe ule sasa umo katika kiwanja cha mtu mwingine, ingawa haukung'olewa. Naomba niwasimulie jinsi ulivyovuka mpaka.

Mwaka 2015 baba, aliyekuwa akileta bidhaa kutoka Uganda kwa njia ya Mahagi, alihitaji mkopo. Mkopeshaji alitaka nyumba iwekwe rehani. Wakati ule Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa bado inamtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa baadhi ya mikataba. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Lakini sheria ile ile ilitamka kwamba nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani pasipo makubaliano ya wote wawili. Basi mama, ambaye siku nyingine zote alitakiwa kuomba ruhusa, siku hiyo aliombwa yeye. Alimwuliza baba, "Karatasi hii inasema nini?" Baba akajibu, "Ni taratibu za ofisi tu." Mama akatia sahihi, akarudi sokoni kabla mboga zake hazijanyauka.

Miaka miwili baadaye walitengana, na mahakama ikavunja ndoa yao ya kiserikali. Mama alibaki nasi Ngezi. Baba akapanga chumba Mudzi-Pela. Hukumu ilizungumza juu ya malezi ya watoto. Kuhusu nyumba walikubaliana kwa mdomo kwamba ni ya mama, na mgawanyo wa mali haukuwahi kufanywa. Hati ya usajili, ambayo kwa sheria ya ardhi ya Kongo ndiyo inayothibitisha haki ya mtu juu ya kiwanja, ikabaki na majina yao mawili, na juu yake rehani.

Mwishoni mwa mwaka 2017 machafuko yalizuka tena Djugu, na Barabara ya Taifa namba 27 iendayo Mahagi ikawa barabara ya hofu. Baba alipoteza shehena ya kwanza, kisha ya pili. Akaacha kulipa. Kongo imo katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA tangu mwaka 2012, na kanuni zake zinamtaka mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa aende mahakamani kutangaza hali yake ndani ya siku 30. Angefanya hivyo, mahakama ingewaita wadai wote pamoja, na hakuna ambaye angeruhusiwa kumwandama peke yake wakati shauri likichunguzwa. Baba hakwenda popote. Aliona aibu, akanyamaza.

Hivyo mama hakujua neno lolote hadi asubuhi moja ya mwaka 2019, afisa wa mahakama alipogonga mlango na kumkabidhi amri ya kulipa. Siku 20, ama sivyo safari ya kwenda mnadani ianze. Mama alichukua hukumu ya talaka, akaifunga katika kitenge, akaipeleka kwa mkopeshaji kana kwamba ni ngao. Karani aliisoma yote kwa heshima, kisha akasema, "Mama, hukumu hii iliwatenganisha ninyi wawili. Haikuwatenganisha ninyi na deni."

Nilimchukia karani yule kwa muda mrefu. Baadaye mwanasheria mmoja alinieleza kwamba alisema kweli. Talaka ni jambo kati ya mume na mke. Mkopeshaji hakuwa mmoja wao. Hata kama baba angetangazwa amefilisika, kufilisika kwake kusingeifuta sahihi ya mama, wala kusingeiondoa rehani juu ya nyumba. Lingekuwa deni ambalo mama hakulitilia sahihi, njia ingekuwa ndefu zaidi, kwa sababu fungu la mmoja katika mali isiyogawanywa haliuzwi kabla ya mgawanyo. Lakini alikuwa ametia sahihi.

Mkopeshaji alikubali kusubiri ikiwa tungeuza nusu ya kiwanja. Jirani alikuwa tayari kununua. Lakini kuuza nako kulihitaji majina yote mawili, na mama hakutaka kumwona baba. Nikatumwa mimi.

Nilimkuta ameketi kitandani, kwa kuwa chumba hakikuwa na kiti. Nilidhani atabisha. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama yako ameisoma?"

"Ameisoma, baba. Neno kwa neno, mara mbili."

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Ile nyingine sikumsomea." Akatia sahihi. Ndilo ungamo pekee nililowahi kulisikia kinywani mwake kuhusu jambo hili, nami nililibeba hadi Ngezi pamoja na karatasi. Mama alilisikiliza, akaendelea kuchambua mchele.

Vijana wapendwa, wengi wenu mtafunga ndoa katika miaka michache ijayo. Mtazungumza juu ya mahari, sare na chakula. Zungumzeni pia haya. Ndoa ya kimila isiposajiliwa serikalini haina nguvu mbele ya watu wa nje, na mkopeshaji ni mtu wa nje. Sheria yetu inawapa wanandoa namna tatu za kumiliki mali. Msipochagua, sheria inawachagulia ile ya kushirikiana mali mtakayoipata ndani ya ndoa. Na kama, Mungu apishe mbali, siku moja mtatengana, msiiache hati nyuma yenu ikiwa na majina mawili.

Mimi nilifunga ndoa mwaka jana. Kabla ya kusaini kitabu cha serikali nilimwomba mchumba wangu asubiri, nikasoma ukurasa wote huku watu wakikohoa nyuma yetu. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba simwamini mume wangu. Mama alikuwa mstari wa mbele. Aliinama, akamwambia kwa sauti iliyosikika, "Mwache asome."