Tusi Lilipoanza Kusema Kiswahili

Miaka ya 1990, mtoto wa Dongobesh, Mbulu, aliyetaka kuona picha alisubiri siku ya mnada. Kibanda umiza, yaani banda la kuoneshea sinema, kilikuwa cha mabati na turubai, jenereta ikinguruma nyuma, deki na televisheni juu ya meza, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa. Humo ndimo mwandishi wa kumbukumbu hizi, akiwa bado shule ya msingi, alipomwona Arnold Schwarzenegger katika Commando ya mwaka 1985. Watu wa kwenye picha walitukanana Kiingereza, na hakuna mzazi aliyeshtuka. Swali la nyumbani lilikuwa moja tu: kuna watu uchi? Kama hakuna, ruhusa ilipatikana.

Kiingereza kilikuwa pazia. Mama aliyekuzwa kwa Kiiraqw na Kiswahili alisikia ukali wa sauti, matusi yenyewe hayakumfikia. Hata Home Alone ya mwaka 1990, ambayo Wamarekani waliipa alama ya PG ili mzazi awe mwangalifu, ilitazamwa sebuleni mbele ya bibi, naye akicheka hadi machozi kwa jinsi wale wezi wawili walivyokuwa wakianguka.

Kisha sinema zikaanza kusimuliwa. Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo: anakaa na maikrofoni, anaeleza kinachotokea, anawasemea wahusika, anaongeza ya kwake. Ilikuwa kazi ya kipaji kikubwa, na iliwafungulia sinema watu wengi waliokuwa wakiambulia picha tu. Waliomfuata wakawa wengi, na baadhi yao wakagundua kwamba tusi linachekesha. Walilitia hata pale ambapo mwigizaji alikuwa amenyamaza.

Siku moja mdogo wake mwandishi alimwita mwenzake mshenzi wakiwa wanachota maji. Mama akamwita.

“Mama, hilo siyo tusi, ni la kwenye muvi.”

“La kwenye muvi limeingiaje mdomoni mwako?”

Hakupigwa. Lakini tangu siku hiyo, kanda yoyote iliyoletwa nyumbani ilisikilizwa kwanza na kaka mkubwa.

Kila nyumba ilikuwa na ngazi zake, ingawa hakuna aliyeziandika. “Mjinga” lilipita. “Mpumbavu” lilimfanya baba ageuze shingo. Tusi la kumtaja mama wa mtu lilizima televisheni. Zaidi ya yote, ngazi hizo zilipanda na kushuka kutegemea nani ameketi. Neno lililovumiliwa jioni ya kawaida halikuvumilika akiwepo mkwe. Baba mmoja wa Kiiraqw, mkwewe akiwa mgeni, aliinuka kila maneno yalipokolea, akaaga kwamba anaenda kuangalia ng'ombe. Wote walielewa, na hiyo ilikuwa heshima.

Upande wa Hanang jambo hili lina mizizi mirefu zaidi. Kwa Wadatooga wa huko, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, hata maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti huyakwepa, akatumia mengine badala yake. Jamii yenye utaratibu wa namna hiyo haihitaji kufundishwa na mtu kwamba maneno yana uzito.

Marekani walichagua njia ya kuhesabu. Alama zao za filamu zilianza mwaka 1968, na PG-13 ikaongezwa mwaka 1984. Kwa kanuni yao, neno kali la asili ya ngono likitamkwa mara moja kama tusi, filamu hupewa angalau PG-13. Likirudiwa, kwa kawaida hupanda hadi R. Mwandishi anaona hesabu hiyo ina faida yake, lakini haijui kama bibi yupo sebuleni.

Tanzania nayo ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayotaka filamu ikaguliwe kabla ya kuoneshwa hadharani. Mwaka 2011 TBC ilionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili. Baadaye ving'amuzi vya Azam vikaleta Sultan ya Waturuki. Tamthilia hizi zilizoingizwa sauti rasmi zilikuwa na lugha iliyochujwa, na familia nyingi za Katesh na Haydom ziliweza kukaa pamoja bila mtu kuaga kwenda zizini.

Wasiwasi wa leo uko kwenye simu. Muvi iliyosimuliwa hununuliwa mjini kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, kisha mtoto huitazama chumbani, spika masikioni. Ule utaratibu wa kuangalia nani ameketi umekosa pa kushika, maana hakuna aliyeketi naye.

Kwa hiyo ombi ni kwa wasimuliaji, ambao sauti zao watoto wa Mbulu na Hanang wanazijua kuliko za walimu wao: kabla filamu haijaanza, tamkeni wazi kama inafaa kutazamwa na mtoto. Sekunde kumi zinatosha. Na mzazi mwenye simu ndani ya nyumba, chomoa hiyo spika jioni moja, usikilize naye.