Muhula Uliochelewa

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Kitui

Mgomo wa wahadhiri uliisha Jumatano iliyopita baada ya siku 49, na leo geti limejaa bodaboda zilizobeba masanduku na magodoro. Serikali imekubali kulipa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017–2021, nusu sasa na nusu Julai mwakani. Wakubwa wangu wote wameshika kikokotoo. Mimi niliajiriwa juzijuzi, malimbikizo hayo hayanigusi. Ninachohesabu ni wiki zilizobaki kabla ya mitihani, na hazitoshi.

Mkuu wa idara kanipanga nifundishe Haidrolojia pamoja na Prof, ambaye anastaafu muhula huu ukiisha. Agizo lilikuwa fupi: kaa darasani kwake, chukua noti zake kabla hajaondoka. Nilipomfikishia Prof ombi hilo kwa adabu zote, akatabasamu.

"Noti zipi, mwanangu? Zile za manjano nilizichoma, zilinichosha hata mimi."

Kila aliyepita chuo kikuu nchini anazijua noti za manjano: karatasi zilizozeeka mikononi mwa mhadhiri, zinasomwa neno kwa neno, mwaka nenda mwaka rudi, na watoto wa wanafunzi wake wa kwanza wanakuja kuandikishwa yale yale. Ukisikia mtu anajisifu kwa uzoefu, uliza kwanza kama ni wa aina hiyo.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa mbili asubuhi Prof aliingia na gorogoro mbili, yale makopo ya mafuta ya kupikia ambayo sokoni hupimia mahindi. Moja ilikuwa na mchanga wa mto Nzeeu, nyingine udongo mweusi wa mfinyanzi. Kila moja ilitobolewa kwa msumari chini, tundu likazibwa kwa nta. Udongo alikuwa ameuloweka tangu jana jioni, maana hauna haraka ya kunywa. Mchanga aliumiminia maji mbele yetu, polepole, kwa chupa ya nusu lita, mpaka uso wake ukaanza kung'aa. Ndipo akauliza: nikizibua, ipi itatupa maji mengi?

Hakutaka jibu la mdomo. Kila mmoja aliandika jibu na jina lake kwenye kipande cha karatasi, kiongozi wa darasa akavikusanya.

Vingi vilisema udongo, na si kwa ujinga. Tangu sekondari, kwenye somo la Kilimo, wameandikishwa kwamba mfinyanzi ndio unaohifadhi maji zaidi, na ni kweli. Ila mtu akisikia "unahifadhi" anadhani akiyataka atapewa. Prof alijua watajibu hivyo kabla hajatoka nyumbani.

Akazibua. Mchanga ulitoa mkondo mwembamba, ukajaza glasi, ukaanza kulegea. Udongo ulitoa tone moja, likaning'inia, likaanguka. La pili lilikawia mpaka watu wakaanza kucheka. Akawaacha wacheke. Kisha binti mmoja wa nyuma akainua mkono: "Lakini Prof, hata mchanga haujarudisha yote uliyomimina."

Mzee aliweka chaki mezani. Lile ndilo swali alilolijia. Kati ya maji yanayoingia na yanayotoka yapo yanayonata kwenye chembe, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo yanavyonata zaidi. Maneno ya kitaalamu aliyataja saa ikikaribia kwisha, na kufikia hapo darasa zima lilikuwa na mahali pa kuyaweka.

Kutoka hapo kwenda kwenye malambo ya mchanga ilikuwa hatua moja. Ukuta unakingamishwa kwenye mto wa msimu, mafuriko yanajaza mchanga wa chembe kubwa nyuma yake, maji yanakaa humo ndani bila kukaushwa na jua. Theluthi ya mchanga huo, takriban, inaweza kuwa maji. Shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizo Kitui tangu miaka ya 1990; ng'ambo ya mto Athi, Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza mwaka 1978. Wengi darasani wamekunywa maji hayo utotoni, wakiyabebesha punda kwa mitungi. Leo ndiyo mara ya kwanza wanaulizwa kwa nini yanatoka.

Kule Harvard, Eric Mazur amepata sifa dunia nzima kwa kitu kinachofanana na hiki, tangu 1991: swali kwanza, kila mtu ajifunge na jibu lake, halafu abishane na jirani. Nilimtajia Prof tulipokuwa tunaosha makopo.

"Vizuri sana," akasema. "Yeye anatumia mchanga wa wapi?"

Jumamosi, 15 Novemba

Mihadhara ya fidia. Fomu za kumtathmini mhadhiri zimeletwa mapema safari hii, nami nimepewa za darasa la Prof nizijumlishe. Je, mhadhiri hufika kwa wakati? Je, hutumia projekta? Je, huweka noti mtandaoni? Kwenye projekta mzee kapata sifuri safi. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, ambaye huwasomea wanafunzi slaidi akiwa amewageuzia mgongo, atapata alama zote, na kwa fomu hii anastahili. Mahali pa kuuliza mwanafunzi ameelewa nini hapana.

Jumanne, 18 Novemba

Nimekula chapati na ndengu na mwenzangu anayefundisha Takwimu. Ni mhadhiri wa muda. Analipwa kwa somo, akilipwa. Asubuhi yuko Kitui, mchana yuko ndani ya Probox, jioni yuko Machakos kwenye chuo kingine. Ni mtu hodari, nimewahi kumsikiliza akifundisha. Lakini mwanafunzi anayetaka kumuuliza kitu hana pa kumpata: hana ofisi, na saa yake ikiisha yuko stendi. Wanafunzi wanalalamika kuhusu alama zilizopotea. Nyingine hazikupotea hata kidogo. Zimo begini, zinasubiri vocha ya malipo yake.

Hali hii ina asili yake. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, vingine vikafuata, kampasi zikachipuka mpaka juu ya maduka. Kisha KCSE ya 2016, mtihani wa kumaliza sekondari, ikasimamiwa kwa ukali: waliopata C+ na zaidi wakashuka kutoka 169,492 mwaka uliotangulia hadi 88,929. Wa kujilipia wakayeyuka, na karo zao. Siku hizi mzee akistaafu, mara nyingi kiti chake hakijazwi. Masomo yake yanagawiwa vibarua.

Jambo jingine, na hili huwa nalisema peke yangu kwa sababu mezani halipendwi. Mwalimu wa chekechea Kenya ni lazima awe amesomea ualimu na kusajiliwa na TSC, tume ya walimu. Sisi hatudaiwi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitaka kila anayeitwa mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, ikatoa miaka mitano. Sina ugomvi na uzamifu, niko kwenye foleni yake. Lakini ni shahada ya kutafiti, na kupanda cheo nako ni kwa pointi za machapisho. Gorogoro hazina pointi.

Jumamosi, 22 Novemba. Makueni

Prof amenialika kwake, mbele kidogo ya Wote. Nimepita Kwa Vonza, ilipo SEKU, iliyopata hati ya chuo kikuu Machi 2013. Zamani pale palikuwa Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, wazee wa huku wakitaka watoto wao wasomee kilimo cha nchi kavu. Nikavuka Athi, nikapita Wamunyu, nikabadili gari Machakos. Mvua imenyesha, kila kitu kijani, maembe yameanza kuiva.

Mke wake ametupakulia muthokoi, ndipo mzee akaleta alichoniitia: kaunta buku tatu za jalada gumu. Ukurasa wa kushoto una tarehe na mada, basi. Wa kulia una makosa. Si yake, ya wanafunzi. "Wanadhani chini ya ardhi kuna ziwa lenye giza." "Waliotoka Pwani hawajui lambo; anza na kisima cha maji ya chumvi." "Mwaka huu gorogoro hazikuwashangaza, wa mwaka jana waliwaambia. Badili swali." Fasili hazimo, wala michoro. Hizo, alisema, zimejaa kwenye vitabu; ambalo halimo vitabuni ni mtoto wa miaka ishirini anajikwaa wapi.

Nikamuuliza kwa nini hakuandika kitabu. Akanitajia John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, pale pale Kitui. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na kitabu chake maarufu cha 1969 kuhusu dini na falsafa ya Kiafrika kilitokana na mihadhara. "Alikuwa na darasa, na kila mtu alitoka kwao na jambo lake la kumbishia," Prof akasema. "Leo angeambiwa akate kurasa kumi apeleke kwenye jarida, apate pointi."

Hapo sikubaliani naye moja kwa moja. Mbiti alifanya utafiti hasa, alikusanya habari za mamia ya jamii, na majarida nayo yana kazi yake. Nilimwambia hivyo. Akanijazia sahani tena.

Kaunta buku nimeruhusiwa kuzipiga picha zote. Idara ilitaka noti. Sijui nitaziandikia kichwa gani nikiwapelekea hizi.

Jumanne, 2 Desemba. Kitui

Nimesahihisha CAT, jaribio la ndani ya muhula. Swali la nne nililitunga mwenyewe: nyuma ya ukuta kuna mita za ujazo 1,000 za mchanga uliojaa maji, kijiji kitachota kiasi gani? Wachache wameandika 1,000. Wengi wamekata sehemu ya chembe, kisha wakakata yanayonata, na hesabu zao zinasomeka. Mmoja alikamatwa na mwakenya, kikaratasi cha kuibia mtihani, kwenye soksi. Nao ulikuwa na fasili tupu, usingemfaa lolote kwenye swali lile.

Kijana mmoja wa upande wa Makueni hakuweka hesabu yoyote. Ameandika sentensi moja: "Inategemea kama lori za Nairobi zimeshapita." Yaani mchanga wenyewe ukizolewa ukauzwa mjini, hakuna maji ya kukokotoa. Mwongozo wa kusahihisha hauna hilo. Nimempa alama mbili kati ya nne. Msahihishaji wa nje akija juu, nitamwonyesha sheria ya mchanga ya Kaunti ya Makueni ya 2015.