Binti wa Mgodi na Vijana Wawili

Tusiseme kila siku kwamba watoto wa sasa hawasomi. Wanasoma, ila wanasoma kile wanachotaka wao. Kwetu nyumbani kitabu kinachopita toka mkono mpaka mkono, hata jalada limeng'oka, ni Hunger Games, cha mama mmoja wa Marekani anayeitwa Suzanne Collins. Cha kwanza kilitoka mwaka 2008, cha pili 2009, cha tatu 2010. Sisi huku tunavisoma katika Kifaransa. Binti zangu wawili walivimaliza mbele yangu, na wakati wa bukari walikuwa wakibishana paka neno moja: Peeta ao Gale? Nikataka kujua ni vijana gani hawa wanaotafutiwa bibi katika nyumba yangu, nami sijawaona hata mlangoni.

Vitabu vya namna hii viko vingi. Vinasimulia nchi ya kesho ambamo serikali imekuwa mbaya kabisa, na ndani ya mateso yale kijana na binti wanapendana. Katika Matched ya Ally Condie (2010), wakubwa wa nchi ndio wanaokuchagulia mchumba ukifika miaka 17. Katika Delirium ya Lauren Oliver (2011), upendo unahesabiwa kuwa ugonjwa, na ukifika miaka 18 unapelekwa kwa waganga wakuponyeshe. Kuna wazazi ninaowajua, wangesikia dawa hiyo iko, wangepanga mustari kesho asubuhi pamoja na binti zao. Hivi viwili nilivisoma mbio-mbio, sikuvirudilia.

Hunger Games ilinikamata, na sababu ni moja. Katniss, binti anayesimulia, ni mtoto wa mgodi.

Nchi yao inaitwa Panem, jina lililotoka katika Kilatini, maana yake mkate. Wilaya yao, ya 12, inachimba makaa ya mawe, ya namna ile iliyochimbwa zamani kule Luena. Wanachimba wao, mwangaza unawaka katika mji mkuu. Kwao umeme unakuja saa chache na kwenda. Baba yake alikufa katika mlipuko ndani ya mgodi, yeye akiwa na miaka 11. Hawakupata kitu cha kuzika. Wakubwa walitoa feza kidogo, za kutosha mwezi mmoja wa matanga, basi, mama atafute kazi. Lakini mama alikaa kimya, akitazama ukuta, na watoto wawili wakaanza kukonda. Gale naye ni yatima wa mlipuko uleule. Wakakutana porini, kila mmoja akitegea wadogo zake nyama.

Kila mwaka serikali inapiga kura juu ya watoto wa miaka 12 mpaka 18. Kila wilaya inatoa kijana mmoja na binti mmoja, jumla 24, wanafungiwa mahali wauane mbele ya televisheni mpaka abaki mmoja. Na mtoto wa masikini anaweza kuongeza jina lake katika kura ili apewe nafaka na mafuta ya mwaka mzima kwa mtu mmoja. Katniss, mwenye miaka 16, jina lake limo mara 20. Gale, mwenye miaka 18, mara 42. Prim, mdogo wa Katniss, ana miaka 12 na jina lake limo mara moja tu, na ndilo linaloitwa. Yaya yake anapiga kelele, anachukua nafasi yake.

Hapo niliweka kitabu chini. Siyo juu ya damu, damu ilikuwa haijaanza. Ni juu ya hesabu ile ya nafaka. Nilifikiri vijana wa mtaa wetu wanaoshuka shimoni ili wadogo zao wale na wasome. Kila asubuhi akishuka, jina lake limeongezeka mara moja.

Sasa upendo. Peeta ni mtoto wa mchoma mikate. Zamani, Katniss akiwa karibu kufa na njaa, Peeta aliunguza mikate kwa kusudi, akapigwa na mama yake, kisha akamtupia binti mikate ile katika mvua. Wote wawili wanapelekwa kwenye mchezo, na Peeta anatangaza mbele ya nchi nzima kwamba anampenda. Watazamaji wanafurahi. Matajiri wanatuma zawadi. Katniss anaelewa upesi: akimbusu Peeta aliyelala mgonjwa pangoni, sufuria ya supu inashuka toka juu kwa parashuti.

Wazazi wenzangu walilalamika kwamba mabusu ni mengi. Mimi ile supu ndiyo iliyoniuma. Katika miji yetu, mahali malori yanapolala, binti wengi wanaijua sufuria ile, na wengine wametumwa kuitafuta na watu wazima wa nyumbani mwao. Collins hafichi matunda yake: mchezo ukiisha, Katniss hajui tena ni lipi katika moyo wake lililo lake, na ni lipi lililofanywa kwa ajili ya watazamaji. Naye Peeta anaumia, maana yeye alikuwa anasema kweli. Binti zangu walisoma kurasa hizo kama utamu wa hadisi. Tulizungumza juu yake mpaka usiku sana.

Kitabu cha pili kinakokota miguu, niseme wazi. Na katika vyote vitatu hakuna mtu anayesali, hata kwenye kaburi, jambo lililonishangaza mimi niliyelelewa katika nyimbo za matanga. Ila desturi moja ya ndoa yao ilinipendeza sana. Wanatia sahihi kwa ofisi, wanapewa nyumba. Lakini kwa Wilaya ya 12 hakuna anayejiona ameolewa mpaka wawashe moto wao wa kwanza nyumbani na kuchoma kipande cha mkate pamoja.

Kiini cha mambo kiko katika kitabu cha tatu (walioona filamu watakikuta katika ile ya mwaka 2015). Wilaya zimeasi. Kuna mlima mmoja uliotobolewa ndani, na jeshi la serikali limejificha humo, pamoja na wafanyakazi wa kawaida. Gale anatoa shauri: tuporomoshe mlima, tuwazibe wote ndani. Gale! Mtoto wa mtu aliyefia chini ya udongo. Katniss anakumbuka siku ile alipokuwa akingoja kwenye mlango wa mgodi aone nani atapanda. Wakubwa wa vita wanakubali kuporomosha mlima, ila wanaacha handaki la gari-moshi wazi, ili wanaotaka kujitoa watoke. Gale hakuona lazima hiyo.

Kwangu, swali la binti zangu lilijibiwa pale. Kumbe hadisi nzima ya vijana wawili ilikuwa ikipima neno moja: mtoto wa mgodi akipata nguvu mkononi, atafanya nini na shimo?

Lakini nina mtoto wa yaya yangu, anachimba, ana miaka 22. Baba yake alifukiwa na udongo. Walimtoa siku ya tatu. Alisoma vitabu hivi usiku kwa taa ya simu, na nilipomweleza mawazo yangu alinitazama sana. Akasema: «Mama mudogo, weye unamuhukumu Gale juu unasoma ukikaa ku kiti. Sie bakitufunga mu shimo, nani anatuachiaka njia?»

Nikamwambia: «Ndiyo maana, mwanangu. Ule anayejua giza ile ndiye wa kuacha njia.»

«Ao ndiye anayejua kama haiko njia ingine ya kufanya bakusikie», akajibu.

Sikuweza kumwambia hasira yake ni ya uongo. Haiko ya uongo. Na Collins mwenyewe hamfanyi Gale kuwa shetani: ni yeye aliyeokoa watu wa Wilaya ya 12, aliyewalisha, aliyewaongoza kutoka moto. Ila alitengeneza pamoja na fundi mmoja mtego wa bomu la mara mbili: la kwanza linaumiza, la pili linangoja waliokuja kusaidia. Mwishoni mwa vita bomu la namna hiyo linaanguka juu ya watoto katika mji mkuu. Prim, aliyekuwa amejifunza kuuguza, anawakimbilia. La pili linamkuta. Je, lilikuwa bomu la Gale? Kitabu hakisemi, Gale mwenyewe hajui. Na kwa sababu hawezi kusema «si langu», anaondoka, anaenda kufanya kazi katika wilaya ingine, na Katniss hamfuati.

Anabaki na Peeta. Siyo kwa furaha kubwa. Wanaamka usiku wakipiga kelele wote wawili, na inapita miaka 15 mbele Katniss akubali kuzaa. Binti yangu mkubwa alisema ni mwisho mubaya, hakuna hata karamu. Mdogo wake alisema ni mzuri, maana Peeta ndiye anayeshika mkono wake ndoto ikija.

Kijana wetu amekichukua kitabu cha tatu tena. Anasema atawasomea wenzake ukurasa wa handaki, siku mvua itakapowazuia kushuka, aone wao wanasema nini.