Msimu wa Salfa

Nilicheza mpira miaka 13, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza asubuhi nilikuwa wapi. Nilikuwa namba sita wa timu ya kijiji kando ya mto Mbwemkuru, timu ya ligi ya wilaya iliyopanda ligi ya mkoa mara mbili, na mara zote mbili ikashuka. Uwanja wetu ulikuwa wa shule. Goli la upande wa mtoni lilikuwa mchanga mtupu. Mpira ukidunda pale haunyanyuki tena, na wageni walikuwa wakishangaa mabeki wetu walivyozoea kuucheza ukiwa umekufa.

Kocha wetu alikuwa mzee tuliyemheshimu kama baba. Kazi yake ilikuwa kusoma majina 11 na kupaza sauti. Mambo ya usiku kabla ya mechi yalikuwa ya kamati ya ufundi, na wachezaji tuliambiwa tu tupite wapi tunapoingia uwanjani. Tulimpenda. Lakini kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, mzee yule alikuwa akinikatisha tamaa, naye hakujua.

Aliyekulia Nachingwea au Ruangwa ataelewa mara moja. Miezi ile mikorosho inachipua na kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiri unga ukiwahi kuingia, huna mavuno. Kwa hiyo mnapuliza unga wa salfa. Mnaamka alfajiri, umande ungali kwenye majani ili unga ushike, na upepo haujaanza kuvuma. Mashine inapanda mgongoni ikinguruma, na wingu la njano linakwenda juu kisha linakurudia usoni. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii kitu. Ikifika saa tatu macho ni mekundu, koo linawaka, na kifua kinabana kama umefungwa kamba. Saa kumi jioni ya siku hiyohiyo niko mazoezini, mizunguko 10 ya uwanja. Mzunguko wa sita nashika kiuno. Mzee ananiita mvivu mbele ya wenzangu, na mimi nikaamini. Niliamini kwa miaka mingi kwamba Mungu hakunipa pumzi.

Goti la kulia ndilo lililonitoa uwanjani, mwaka 2017. Mzee naye alikuwa amechoka, na viongozi wa timu wakaja nyumbani jioni moja wakaketi barazani, wakasema, "Wewe unaujua mpira, tusaidie." Siku ya pili kijana mmoja akaniita mwalimu. Huku kwetu kocha ni mwalimu, lakini jina hilo lilinielemea, kwa maana sikuwa na cha kufundisha zaidi ya nilichofanyiwa. Basi nikafanya vilevile: majina 11, sauti, mizunguko 10.

Mpaka siku moja ya mwezi Julai. Winga wetu wa kushoto, kijana mwepesi kuliko wote, alisimama mzunguko wa sita akashika kiuno. Neno la mzee lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikamsogelea nimwambie, na hapo nikaona nyuma ya sikio lake mstari wa unga wa njano ambao maji ya kuoga hayakuufikia.

"Leo umepuliza?"

"Ndiyo, mwalimu. Shamba la mjomba. Hatujamaliza."

Alikohoa hadi akainama. Nilimshika bega, nikamkalisha kivulini, nikawaambia wengine waache kukimbia. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza miaka yangu 13.

Kesho yake nilinunua daftari la shule. Nikaandika jina la kila mchezaji, na mbele yake siku anazopuliza, shamba la nani, analala saa ngapi. Anayetoka shambani siku hiyo hakimbii. Anacheza na mpira akiwa amesimama, pasi fupi, kutuliza, kona. Mbio nzito tukazihamishia siku ambazo wengi hawakupuliza. Ikifika Oktoba, korosho zikianza kuanguka na kila mtu akiwa shambani anaokota, daftari lilinionyesha mapema nitabaki na wangapi. Ushindi haukuja mara moja. Ila vijana waliacha kutoroka mazoezi.

Miaka hiyohiyo Ruangwa ilikuwa inabadilika. Namungo, timu ya hapo Ruangwa, walipanda Ligi Kuu wakaingia msimu wa 2019/20, wakashika nafasi ya nne. Walipocheza nyumbani, nilikuwa nakwenda mapema Uwanja wa Majaliwa, nakaa karibu na benchi la ufundi. Nilimtazama kocha wao, Hitimana Thierry, Mnyarwanda, kuliko nilivyotazama mpira. Tarehe 2 Agosti 2020 tulikusanyika kwenye redio kusikiliza fainali ya Kombe la Shirikisho kutoka Sumbawanga. Simba 2, Namungo 1. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Hemed Suleiman "Morocco", Namungo waliwatoa 1º de Agosto wa Angola kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kundi moja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Walimaliza kundi bila pointi wala bao. Iliniuma, na bado nasema ilikuwa heshima kubwa kwa ukanda huu. Baadaye akaja kuifundisha Namungo Juma Mgunda, mshambuliaji wa Coastal Union ile iliyotwaa ubingwa wa 1988. Kumwona mtu aliyetoka uwanjani akawa mwalimu, tena hapa Ruangwa, kulinipa nguvu ya kwenda kozi ya awali ya ukocha Lindi mjini.

Kozi ilinifunza mengi. Nilijifunza kuandika mazoezi kabla ya kwenda uwanjani, na kutowapanga vijana foleni ndefu wakisubiri zamu ya kupiga shuti. Koni sina, natumia chupa za maji nilizojaza mchanga wa Mbwemkuru. Lakini somo la salfa halikuwamo, na sioni ajabu, kwa sababu ni sisi tunaopuliza tunaolijua. Ndiyo maana nawaomba wanaoandaa kozi wazilete wilayani, Nachingwea na Ruangwa, na wawaite wachezaji wa zamani wa mchangani waliokaa chini ya miembe na magoti yao mabovu. Wana mengi ya kuwaambia wakufunzi.

Daftari la mwaka huu lina majina 22. Saba kati yao wanapuliza kesho alfajiri. Kesho jioni hatukimbii.