Utajuaje Imeiva?

Ukisikia neno faiba, najua akili yako inaenda wapi. Wi-Fi. Fundi amepanda ngazi, waya mweusi umeingia kwa dirisha, mwisho wa mwezi bili imefika. Leo nataka tuongee kuhusu faiba kama hiyo ikiwa ndani ya ini la mtu, kando ya uvimbe wa kansa, ikipima joto. Na maoni yangu ni haya: kipimo ni nusu ya dawa, na sisi hatukipi heshima yake.

Kuna matibabu ambapo uvimbe hauondolewi kwa kisu. Daktari anapitisha sindano ndefu kwenye ngozi hadi katikati ya uvimbe, halafu sindano inatoa joto kwa maikrowevu, kwa mawimbi ya redio au kwa leza. Uvimbe unaiva, literally kama chakula. Ukipita digrii 60, protini za seli zinaganda haraka sana, kama ute wa yai kwa sufuria, na seli hiyo haifufuki.

Shangazi yangu alifanyiwa hii kitu. Uvimbe mdogo, kwenye ini. Amepika kwa kibanda maisha yake yote, kwa hivyo daktari alipomaliza kueleza, yeye alikuwa na swali moja tu: "Sasa daktari, utajuaje imeiva?"

Daktari akacheka kidogo. "Mama, mashine ina jedwali. Nguvu kiasi hiki, dakika kadhaa. Halafu tunaangalia kwa picha."

Lilikuwa jibu la ukweli, na ndivyo inavyofanywa sehemu nyingi duniani. Lakini baada ya hapo tulikaa karibu mwezi mzima tukisubiri picha ituambie kama moto ulifika kote. Mwezi wa kulala macho. Picha ilitoka safi, tukashukuru Mungu. Swali lake ndilo halikuniacha. Mimi si daktari, chuo chenyewe niliacha katikati, lakini nilianza kusoma.

Nilichokuta ni kwamba shangazi aliuliza swali ambalo mainjinia wanalihangaikia. Jedwali haliwezi kujua ini lako liko vipi. Mshipa mkubwa wa damu ukipita karibu na uvimbe, damu inabeba joto na kwenda nalo, upande huo unabaki mbichi. Upande mwingine unaweza kupita digrii 100, nyama ikawa mkaa. Kwenye ini, madaktari wanataka moto uvuke ukingo wa uvimbe kwa milimita 5 hadi 10, kwa sababu seli chache zikibaki hai, ugonjwa unarudi. Ukizidisha, unachoma kifuko cha nyongo au utumbo ulio jirani.

Na digrii chache si kitu kidogo. Mwaka wa 1984, Stephen Sapareto na William Dewey waliandika hesabu ambayo bado inatumika: kila digrii moja juu ya 43 inapunguza muda unaohitajika kwa nusu. Chukua dakika 240 kwa digrii 43. Kwa 44 ni dakika 120. Kwa 47 ni 15. Kwa 50 hazifiki hata 2. Yaani ukikosea joto kwa digrii 3 tu, umekosea muda mara nane. Manze, mara nane!

Sasa mbona usiweke tu kipimajoto cha waya? Kwa sababu chuma kikikutana na maikrowevu kinaweza kupata moto chenyewe, halafu kinakudanganya. Kioo hakina hiyo shida. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, na inaweza kukaa hata ndani ya mashine ya MRI. Unene wake ni maikromita 125, kwa hivyo ukipanga 8 bega kwa bega unapata milimita moja.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya kioo wanachora alama ndogo sana kwa mwanga wa leza, zimepangana kama meno ya kitana. Alama hizo zinarudisha rangi moja tu ya mwanga. Joto likipanda, rangi inayorudi inasogea, karibu pikomita 10 kwa kila digrii. Gawanya mita moja mara bilioni 100, upate kipande kimoja: ndicho hicho. Na kwa uzi mmoja unaweza kuweka alama nyingi, kila moja na rangi yake, kwa hivyo unasoma joto la sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Hapa kumeiva, pale bado.

Si muujiza. Mgonjwa akipumua, ini linasogea, uzi unavutika, na kuvutika pia kunabadilisha rangi. Ndiyo maana wengine wanauficha ndani ya kijibomba chembamba usivutwe. Mashine ya kusoma hizo rangi ni ghali, na majaribio mengi bado yanafanywa kwa maini ya nguruwe. Lakini njia iko wazi.

Kinachonichekesha ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshafika. Kwa habari za hali ya hewa si tunasema nyuzi joto 28? Nyuzi. Za joto.

Kwetu, mashine mpya ikifika hospitali, utepe unakatwa na picha zinapigwa. Sijawahi kuona mtu akikata utepe wa kipimajoto. Tunapenda moto, tunasahau anayeuchunga. Ila moto bila kipimo ni kubahatisha, na anayelipia kubahatisha ni mgonjwa anayelala macho mwezi mzima.

Kwa hivyo mtu wako akiambiwa atachomwa uvimbe, usiogope kuonekana mshamba. Uliza kama shangazi. Mtapimaje joto? Mtajuaje ukingo umefikiwa? Tutarudi kwa picha lini? Na wewe unayeunga faiba mtaani, unayejua kukata kioo chembamba kama unywele bila kukivunja: hiyo mikono yako inaweza kufika mbali kuliko kwa dirisha la mtu.