Siku Moja, Hesabu Mbili

Leo twataka kuwasimulia kosa letu wenyewe, maana pengine litawafaa wengine wanaotunza vitabu vya parokia.

Hapa Lubumbashi, katika parokia yetu, vitabu vya ubatizo vimechakaa. Wino umefifia, na kurasa nyingine zimeliwa na mchwa. Basi sisi makatekista tukapewa kazi ya kunakili majina na tarehe katika kompyuta. Wengine waliandika katika mashine moja, wengine katika nyingine, kisha tukaunganisha orodha zote. Tukamshukuru Mungu, tukidhani kazi imekwisha.

Mwezi wa nane mwaka 2024, kijana mmoja na mchumba wake walikuja kuandikisha ndoa. Tukatazama orodha: binti amezaliwa tarehe 13 Mei 2007. Kumbe ana miaka 17 tu! Sheria ya nchi yetu yadai miaka 18 kamili. Tukasimamisha matangazo ya ndoa. Baba yake akaja, akasema, "Baba katekista, mtoto huyu nimemzaa mimi. Ana miaka 21." Nasi tukamjibu kwa ukali kwamba mashine haisemi uwongo. Binti akatoka analia, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba wazazi wanaoza mtoto mdogo.

Usiku ule hatukupata amani. Asubuhi tukafungua kitabu chenyewe. Padri aliyembatiza aliandika wazi: 12 Mei 2003. Tofauti yake ni miaka 4 na siku 1. Tukachungua majina mengine ya fungu lile la orodha: yote yamekosewa vivyo hivyo.

Sababu yake ni hii. Programu ya majedwali haitunzi tarehe kama sisi tuandikavyo. Hutunza hesabu ya siku tu, tangu mwanzo fulani. Majedwali mengi huanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1900. Mengine huanza tarehe 1 Januari 1904. Katika hesabu ya kwanza, 12 Mei 2003 ni siku ya 37753. Tulipoihamisha namba hiyo katika jedwali la namna ya pili, ikasomwa 13 Mei 2007. Kati ya hesabu hizo mna siku 1462. Dawa yake ilikuwa kutoa 1462 katika kila namba iliyohamishwa, basi.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alitengeneza kalenda, na katika nchi zilizomfuata mara moja, Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa tarehe 15. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku ule ule, na sikukuu yake twaiadhimisha tarehe 15 Oktoba. Jua halikuruka hata siku moja. Hesabu ndiyo iliyogeuzwa. Tena ndugu zetu Waorthodoksi, walio wengi, hutafuta Pasaka kwa kalenda ya kale. Mwaka 2024 sisi tuliisherehekea tarehe 31 Machi, wao tarehe 5 Mei. Mwaka 2025 tuliisherehekea pamoja tarehe 20 Aprili. Anayetaka kulinganisha tarehe mbili, sharti kwanza aulize kila moja imehesabiwa kwa kalenda gani na tangu wapi. Sisi hatukuuliza.

Tulikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa mzee yule, tukamwomba radhi mbele ya majirani wale wale. Akatukaribisha viti, akasema, "Mngefungua kitabu kwanza." Hatukuwa na la kujibu. Ndoa ikafungwa.

Tangu siku ile twaandika mwezi kwa herufi, si kwa namba. Juu ya kila orodha twaandika hesabu yake inaanzia mwaka gani. Tena kabla ya kuiamini, twalinganisha majina 10 na kitabu cha padri. Nanyi mnaofanya kazi hii, msivitupe vitabu vya zamani. Na mzazi akisema mtoto wake alizaliwa lini, msikilizeni kwanza.